Usiku Anagandisha, Mchana Anayeyusha

Jumatatu, tarehe 2 Machi

Mjukuu wangu ana mwanamume. Hajaniambia. Nimejua kwa sababu ameanza kuimba akiosha masufuria, na masufuria hayajawahi kumfurahisha mtu.

Nimembana asubuhi tukienda kazini. Yeye yuko mapokezi, mimi nina meza yangu ya chai na sharubati ghorofa ya chini. Jengo moja, mlango mmoja, hawezi kunikimbia. Kakiri. Ni fundi mpya wa ubaridi, yule mrefu asiyesema. Jengo zima linamwita Kimya.

Nikauliza kazi yake hasa ni nini, maana sijamwona hata siku moja ameshika spana. Akanieleza. Umeme wa mchana ni ghali, wa usiku nafuu, na bili ya kupooza ofisi inakaribia kumtoa roho mwenye jengo. Basi Kimya ameweka matangi matatu chini kabisa, shimoni. Usiku mtambo unagandisha maji yawe barafu. Mchana mtambo unazimwa, barafu inayeyuka taratibu, ubaridi wake unapanda kwenye mabomba mpaka ghorofa ya saba.

Nimelitafuna jambo hili siku nzima nikichuja chai. Usiku anagandisha. Mchana anayeyusha. Kesho anaanza upya. Mimi ningekuwa nachemsha chai, naimwaga, nachemsha tena, wangenifunga kamba. Huyo ndiye wa kumpa mke mwenzangu? (Ndivyo ninavyomtania tangu ananyonya.)

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nitachunguza.

Jumanne, tarehe 3 Machi

Nimeshuka shimoni na kikombe cha chai kwa kisingizio cha ukarimu. Mlinzi kanifungulia. Anayekunywa chai ya bure kwangu hana budi kujua nani wa kufunguliwa.

Lo! Matangi makubwa kama vyumba, na yote yamevishwa makoti. Kweli kabisa, makoti manene yamefungwa mikanda. Nani anavisha tangi koti? Mwenye kuficha kitu.

Kimya akatokea nyuma ya bomba. Akaniamkia, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Nikamwekea alama hapo hapo: adabu imezidi. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Alisema makoti ni ya kuzuia joto la nje lisiiguse barafu. Jibu lilikuwa tayari mno kwa mtu asiyesema.

Nikamwomba barafu. Sufuria moja tu, nipoozee sharubati, kwa kuwa friji yangu siku hizi inanguruma bila kupooza. Akakataa! Kwa upole, lakini akakataa. Eti barafu imeng'ang'ania mabomba ndani, haichotwi, na yote ina kazi siku ya Ijumaa. Mtu ana barafu ya kujaza nyumba ananinyima sufuria. Mchoyo. Uchunguzi umekwisha.

Nikampelekea mjukuu matokeo. Hakuyapokea. Akaniambia Ijumaa ndiyo siku ya jaribio: mwenye jengo anakuja mwenyewe, mtambo unazimwa asubuhi hadi jioni, jengo lipoe kwa barafu peke yake. Likipoa, Kimya anaajiriwa moja kwa moja, na Jumapili ya wiki ijayo anakuja nyumbani na mjomba wake kumposa. Lisipopoa anafungasha. Kazi nyingine aliyoitiwa iko nchi ya mbali, na huko ataenda.

Akanigeuzia mgongo, mabega yanatetemeka. Nikamkumbatia. Nikamwambia mwanangu, mimi nipo.

Sikumwambia nipo upande gani.

Jumatano, tarehe 4 Machi

Nisipopewa, naazima.

Mlinzi kaniarifu kwamba adhuhuri Kimya hupanda juu kupima baridi ofisi kwa ofisi. Adhuhuri nikashuka na madumu ya sharubati kwenye kitoroli cha kubebea maji. Kamba nilizisuka mwenyewe kwa vipande vya nguo kuukuu, kamba za dukani siziamini.

Tangi la kwanza ndilo lenye mfuniko ninaouweza. Ndani kuna kitu kama boya kinaelea, waya umetoka kichwani. Nikakiacha, si changu. Nikashusha dumu moja moja kando ya ukuta. Maji yakapanda kidogo, kama beseni ukimtia mtoto. Nikafunga, nikajifuta, nikapanda kuuza maandazi kama mtu aliyetoka msalani.

Faida mbili. Sharubati itapoa bila friji. Na nimeona ndani kwa macho yangu: barafu ipo kweli, nyeupe, imekumbatia mabomba. Kwa hiyo kuhusu barafu hadanganyi.

Basi anadanganya kuhusu kitu kingine.

Alhamisi, tarehe 5 Machi

Sharubati baridi mpaka meno yanaomba msamaha. Watu wa ghorofa ya tano wameshuka kwa ngazi kuifuata. Meneja wa jengo kanunua, karudi, kanunua tena, na huyo husifia bila kununua.

Kimya hana raha. Alasiri kaonekana akikuna kichwa: barafu imeisha mapema, ikabidi awashe mtambo mchana, na kipimo kilisema tangi limejaa sawasawa. Mjukuu kanihadithia kwa huzuni. Nikamwambia nilijua tangu mwanzo, huyo kijana hesabu zake ni za kubahatisha.

Kesho kuna wageni wakubwa. Nimeongeza madumu.

Ijumaa, tarehe 6 Machi

Siku imeanza vizuri. Mwenye jengo kaja na suti nzito, mtambo ukazimwa mbele yake, na asubuhi yote jengo lilikuwa baridi. Kimya kasimama ukutani kama ufagio. Mjukuu kapaka wanja.

Saa sita hewa ikaanza kunuka zulia. Saa saba wahasibu wakavua tai. Madirisha ya jengo hili ni vioo vya kutazamia tu, hayafunguki, kwa hiyo joto likishaingia halina pa kutokea. Saa nane wakajipepea kwa mafaili. Foleni ya sharubati ikafika kwenye lifti. Niliuza. Ningefanyaje, nifukuze wenye kiu? Nilishuka kuchukua madumu mawili, nikapanda, nikauza tena, na rohoni nikajisemea: si nilisema? Lakini nilipomtazama mjukuu pale mapokezi, akitabasamu kwa wageni huku wanja unamtiririka, moyo wangu haukucheka.

Kimya akashuka ngazi mbio. Wote wakamfuata, mwenye jengo, meneja, mjukuu, nami nyuma nikihema. Akafungua mfuniko. Akavuta kamba. Likatoka dumu. Akavuta nyingine. Dumu.

Akaeleza, na ndiyo mara ya kwanza namsikia akisema maneno yanayojaza kiganja. Maji yakiganda hutanuka, na barafu ikiongezeka maji ya juu hupanda. Lile boya huangalia kimo hicho kwa niaba ya matangi yote matatu. Yakifika alama, boya linaamini barafu imetosha, linazima mtambo. Madumu yaliyapandisha maji bila barafu, boya likadanganyika, na mtambo ukalala usiku kazi ikiwa nusu.

Mjukuu alikuwa ameshika kamba, anaigeuzageuza.

"Bibi," akaninong'oneza, "hili ni gauni langu la shule."

Meneja akauliza madumu ni ya nani. Kimya akaitazama kamba, akamtazama mjukuu, akanitazama mimi. Nikajua amejua.

"Sijui," akasema. "Naomba usiku mmoja tu, nijaribu tena."

Meneja akasema fundi asiyejua kilichomo ndani ya tangi lake hafai kupewa hata dakika. Mwenye jengo akatikisa kichwa kukubali. Mjukuu akafumba macho.

Hapo damu ikanichemka. Sijawahi kubebewa mzigo na mwanamume tangu nilipojifunza kutembea.

"Ni yangu," nikasema. "Kama kuna wa kufukuzwa, nifukuzeni mimi. Ila mtuambie kwanza, nyinyi mmejenga friji ya ghorofa saba, mkamkataza kijana hata kumpa bibi kizee sufuria moja?"

Mwenye jengo, jasho likimdondoka puani, akauliza kama dumu lile bado lina kitu. Akanywa humo humo. Akanywa tena. Akasema Jumatatu jaribio lirudiwe, na mimi nisionekane tena shimoni maisha yangu yote.

Nimekubali. Ameshika neno shimoni. Nami nimelishika.

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Mjukuu hasemi nami. Chai yangu kaileta bila sukari, bila kijiko, bila neno.

Nimepata muda wa kufikiri. Kwa nini kijana yule alinifichia? Hanunui hata chai kwangu, hulipiwa na mjukuu. Mtu anayeweza kumwambia bosi "sijui" usoni, macho makavu, mkewe atamwambia nini akichelewa kurudi? Nilitaka kumweleza mjukuu, nikaona sukari itachelewa zaidi.

Nimesikia Kimya yuko shimoni tangu alfajiri anayakagua maji peke yake. Nikapika chungu kizima, nikakifunga kwa kitambaa, nikampa mlinzi ampelekee. Kumshuku mtu ni haki yangu. Kumwacha na njaa ni dhambi.

Chungu kimerudi kimeoshwa. Mwanamume anaosha chungu! Alikuwa akiishi na nani?

Jumanne, tarehe 10 Machi

Jana jengo lilikuwa baridi mpaka jioni. Mtambo ulikuwa umezimwa, nimeuhakikisha mwenyewe kwa kuuwekea sikio ukutani. Wahasibu walivaa masweta. Sharubati haikuuzika hata glasi, na chai iliisha mapema.

Mwenye jengo kampa Kimya mkono hadharani. Ameajiriwa. Mjukuu alikimbia kutoka mapokezi akanikumbatia mimi kwanza, halafu akakumbuka kwamba amenuna, halafu akanikumbatia tena.

Nimelia kidogo. Ni ule ubaridi.

Jumapili, tarehe 15 Machi

Wamekuja. Kimya kavaa shati jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Mjomba wake ni mfupi, mnene, anasema kama redio iliyovunjika kitufe cha kuzimia. Sasa najua kwa nini kijana hasemi, nafasi haijawahi kupatikana.

Mjomba simwelewi. Kanijulia hali mara mbili. Mtu mwema hujulia hali mara moja. Kaangalia dari yetu, kaangalia milango, kasifia kiti. Kitu gani kinamtuma mtu asifie kiti?

Nikamuuliza Kimya mbele ya wote atamtunzaje mke mwenzangu. Akawaza mpaka mjomba akaanza kumjibia, nikamnyamazisha mjomba.

"Bibi," akasema, "mimi kazi yangu ni kuweka leo kitakachohitajika kesho."

Nikamgeukia mjukuu nimuulize kama amekubali. Akajibu kabla sijafika kwenye swali. Nami nikawakubalia, nikaenda jikoni kutafuta kitu nisichokihitaji, nikakaa huko mpaka uso ukakauka. Harusi ni Jumamosi ijayo, hakuna wa kungoja.

Kwenye chai mjomba kampa kijana nafasi ya kupumua, kwa hiyo nikapata la maana. Nilitaka kujua joto linalotolewa kwenye maji linakwenda wapi, maana kitu hakipotei hivi hivi. Kimya kasema linatupwa juu ya paa, maana likibaki ndani mtambo hujizima. Kuna feni kubwa pale, usiku kucha zinapuliza upepo wa moto, bure, unakwenda mbinguni.

Bure.

Ijumaa, tarehe 20 Machi

Mvua wiki nzima. Nyumba imejaa mashangazi wa kuja harusini, na mashuka yote ya kulalia wageni yako mabichi tangu Jumanne. Yananuka kama soksi. Bibi harusi mwenyewe ameyafua, hakuna aliyeweza kuyakausha. Ila mimi nina akili.

Jana jioni kabla ya kufunga meza nimepanda paa. Mlinzi kanibebea ndoo ya nguo. Sikukatazwa paa, nimekatazwa shimoni, mwenye jengo mwenyewe ni shahidi. Feni ziko chini ya kibanda cha bati, mvua haizifikii. Nikayatandika mashuka juu ya wavu wa feni, moja baada ya jingine, nikayabana vizuri kwa vibanio yasije yakaruka. Wavu wote ukafunikwa. Kazi safi.

Leo asubuhi, msiba. Mtambo umejizima wenyewe usiku, hakuna barafu hata ya kutia kwenye kikombe, jengo linachemka. Kimya alikuwa ameomba ruhusa ya siku mbili. Meneja kamnyima: haondoki kazini, awe bwana harusi asiwe, mpaka sababu ijulikane. Harusi ni kesho saa nne. Mjukuu amejifungia chumbani na mashangazi wanagonga mlango kwa zamu.

Nimekaa nikapima. Si bahati mbaya hii. Kuna mtu hataki ndoa hii, na ni mtu anayeijua siri ya mtambo. Meneja? Hana akili hiyo. Mlinzi? Ni mtu wangu. Nani alikuwa ameketi pale sebuleni Jumapili, masikio yote mawili wazi, kijana alipoeleza habari za paa? Nani alisifia kiti?

Mjomba!

Nimemtuma shangazi mmoja amkalishe kwa chai, asitoke machoni. Nimemfikishia Kimya ujumbe kwamba bibi ameshamjua mbaya wake, asihangaike kuchunguza paa, paa halina kosa. Mimi mwenyewe nimetoka huko sasa hivi, nimeanua. Mashuka yamekauka mpaka yanavunjika, isipokuwa moja lililoingia ndani ya wavu likajisokota kwenye vyuma vya feni, halitoki hata kwa kuvuta kwa miguu.

Nimeliacha hapo hapo. Wageni watalala wawili wawili.