Ubao wa Nje ya Geti Jeusi

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako, na kwa wote wanaokusaidia kukosea.

Jumapili ulichapisha orodha ya "vivutio vilivyosahaulika" vya mtaa wa wakwasi kule kilimani. Nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa na kalamu nyekundu. Umetaja mkahawa wenye maua, bwawa la samaki wasioliwa, na duka la keki za mbwa. Havikusahaulika, bwana, ni wewe hukushuka garini. Naomba kulalamika:

1. Njia ya miguu hukuiona. Inaanza na vigae, inapita nyumba sita, kisha inagonga ukuta na kufa, kama ahadi ya mgombea. Mtembeaji anashuka barabarani, anasali, anapanda tena. Utalii na ibada kwa mkupuo mmoja!

2. Watu husafiri mbali kutazama ngome za kale. Hapa zipo mpya, zina nyaya za umeme, na ndani yake anaishi mzee mmoja na paka.

3. Kubwa kuliko yote ni benchi la nje ya geti jeusi: ubao juu ya mawe mawili, kazi ya mlinzi. Dada yangu mkubwa anafua na kupika humo ndani. Kuna viti thelathini na viwili; anavijua kwa kuvifuta, na hajawahi kukaribishwa hata kwenye kimoja. Jioni hukaa kwenye ubao ule, anavua viatu, magoti yanapumua mpaka basi lije. Mlinzi humchokoza, "Dada, leo umechelewa ofisini!" Naye humjibu, "Nyamaza, karani wangu, sogea huko."

4. Kamati ya wakazi itauondoa ubao huo Jumatatu kwa kuwa "haupendezi". Dada hana pengine pa kukaa. Kwa hiyo nadai uutangaze kuwa kivutio namba moja. Matajiri nawajua: takataka wanazoa, lakini takataka hiyo hiyo ikiitwa urithi, wanaivulia kofia.

5. Usiniambie nafasi haitoshi. Keki za mbwa zimepewa nusu ukurasa.

Nisalimie wapiga chapa, msahihishaji, na yule mwandishi wako wa matembezi asiyetembea.

Ni mimi, nisiyenyamaza,
Mdogo wake mpishi wa geti jeusi

Nyongeza: Tafadhali usiichapishe. Nakala niliipeleka kwa kamati, na nimeshinda. Mwenyekiti alisema, "Kumbe tuna urithi, jamani!" Leo ubao umepakwa rangi, umezungushiwa kamba, na una kibao: KIVUTIO. USIKALIE. Mlinzi ameagizwa kuulinda. Nimemkuta dada chini, ukingoni mwa mfereji, viatu mkononi. Akaniambia, "Mdogo wangu, ahsante. Ila mfereji huu usiuandikie barua."