Barua Tatu za Kumuunga Mkono Mmoja Tu

Jumatatu, 3 Juni

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi kwa heshima zote: lifunge. Kama huwezi kulifunga, soma kimya, bila kuchezesha midomo. Usimwambie mkeo. Usimwambie mumeo. Usimwambie hata anayekunyoa. Mimi ni karani wa masjala, chumba cha mafaili, makao makuu ya chama. Nikijulikana nimekwisha.

Hali ni hii. Jumamosi ya tarehe 15 mkutano mkuu unamteua mgombea wetu wa urais. Majina ni matatu. Mkataba wangu ni wa muda na unaisha mwisho wa mwezi. Atakayeteuliwa ataipanga ofisi upya, na kila mtu anasema atakuja na watu wake. Kwa hiyo kwangu mimi swali la nani ateuliwe si la siasa. Ni la kuwa na meza au kutokuwa na meza.

Wa kwanza ni Mhandisi. Amejenga madaraja, na hata akikusalimia anataja asilimia. Wa pili ni Wakili, mama mmoja mkavu anayesoma faili mpaka viambatisho. Mwezi jana alinirudishia muhtasari wa kikao ukiwa na masahihisho kumi na moja kwa wino wa kijani. Yote kumi na moja alikuwa sahihi. Wa tatu ni Kanali mstaafu. Sauti kubwa, kicheko kikubwa. Yeye humwita kila mtu jemadari, hata mfagizi.

Bingwa, mwenzangu wa meza ya pili (jina hilo alijipa mwenyewe), anasema ni Mhandisi, mchezo umekwisha, ana habari kutoka ndani kabisa. Nikamuuliza ndani ya wapi. Akasema ndani. Amekuja na beji ya Mhandisi kifuani.

Jumanne, 4 Juni

Nimechora jedwali. Umaarufu, umri, idadi ya wajumbe, ukubwa wa mabango. Mhandisi 41, Wakili 41, Kanali 40. Nikajumlisha upya. Kanali 41, wengine 40. Nimelichana jedwali na kuvitia vipande katika mifuko miwili tofauti.

Jioni nikamuuliza Shangazi kwa kuzungukazunguka. Ninaishi kwake. Ni mshonaji, cherehani iko sebuleni, na kila mteja anayekuja kupimwa kiuno huambiwa kuwa mtoto wa kaka yake ni mtu wa makao makuu. Akatoa pini mdomoni. Akasema angejiuliza kitu kimoja tu: ukisafiri, ungemwachia nani kati yao ufunguo wa nyumba? Nikajibu bila kufikiri kwamba Wakili. Angeandika orodha ya vyombo na kuirudisha ikiwa na saini. Shangazi akasema basi rais nimeshampata, nimwache amalize zipu.

Nikamweleza kwamba siulizi nani anafaa. Nauliza nani atashinda. Akanitazama kama suruali iliyoletwa kupunguzwa. Akasema, mwanangu, miaka yote ile ya shule ndiyo uje uulize hilo?

Hawaelewi ofisi, watu wa nje.

Jumatano, 5 Juni

Wazo! Limenijia nikipiga mswaki. Niwaandikie wote watatu, kila mmoja aamini kuwa ninamuunga mkono yeye peke yake. Watakaoshindwa watatupa barua zangu pamoja na mabango yao. Atakayeshinda atanikumbuka. Sijui kwa nini dunia nzima haifanyi hivi.

Nimeziandika saa ya chakula, mlango nimeuegemeza kiti. Kwa Mhandisi nimesema ninasimama kama nguzo. Kwa Wakili nimeweka vifungu, (a) hadi (d). Kwa Kanali nimetumia herufi kubwa na alama nyingi za mshangao. Nimesoma kila barua mara tano. Hakuna kosa hata moja.

Alhamisi, 6 Juni

Zimeondoka. Si kienyeji, lakini. Hakuna karatasi inayotoka masjala bila namba, wala bila kuandikwa katika kitabu cha tarishi, na anayepokea hutia saini mbele ya mstari wake. Ndivyo nilivyofundishwa. Nina hofu nyingi lakini utaratibu sivunji. Nikaijaza mistari yote mitatu kwa mwandiko wangu bora: tarehe, namba, mtumaji, mpokeaji, yahusu nini.

Baba Tarishi, mzee wa baiskeli, akausoma ukurasa. Akanitazama. Akausoma tena. Akauliza, una hakika, mwanangu? Nikamwambia kila kitu kiko sawa kiutaratibu. Akakubali kwamba utaratibu hauna neno. Akaondoka akipiga mluzi.

Mluzi wa nini?

Ijumaa, 7 Juni

Nimeuelewa mluzi. Saa mbili asubuhi nimefungua kitabu niandike barua ya leo, nikaiona ya jana. Mistari mitatu, mmoja chini ya mwingine. Yah: Kukuunga mkono wewe peke yako. Yah: Kukuunga mkono wewe peke yako. Yah: Kukuunga mkono wewe peke yako. Mtumaji: mimi, mimi, mimi. Na saini tatu. Kila aliyetia saini alikuwa na ukurasa mzima mbele ya macho yake!

Nilimkimbilia Baba Tarishi akijaza upepo baiskeli yake. Walisemaje? Akasema Mhandisi alihesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, akacheka kwa pua, kisha akaupiga picha ukurasa kwa simu. Kanali alikuwa anaongea na simu na alitia saini bila kuangalia chini. Na Wakili? Wakili alitoa kalamu yake. Nikauliza ya rangi gani, ingawa nilijua. Ya kijani, mwanangu. Angalia pembeni.

Pembeni, kwa herufi ndogo: Karani aje kwangu Jumatatu saa nne.

Nikamlaumu mzee kwa kutonizuia. Akasema kazi yake ni kupeleka, angekuwa anasoma mambo ya watu angeshastaafu kwa aibu. Nikamwambia lakini alisoma! Akasema ilikuwa bahati mbaya, na akaendelea na gurudumu la nyuma.

Jumatatu, 10 Juni

Picha imesambaa. Bingwa ameiweka kwenye kompyuta yake, imejaa kioo kizima. Koridoni naitwa Wewe Peke Yako. Mama wa chai amenimiminia kikombe na kuuliza kama nitakunywa cha kwake peke yake au nimeagiza na kwa wengine wawili. Hata walinzi walicheka, na walinzi hawa hawajacheka tangu niajiriwe.

Saa nne nikaingia kwa Wakili na utetezi niliouandaa, kurasa mbili, mgongoni mwa shati nimelowa. Hakuuomba. Alisema barua yangu haina kosa la lugha, na kwamba hilo ni nadra katika jengo hili. Kisha akasema nisahau nani atashinda. Mimi ninayeona kila faili linaloingia na kutoka, nani anafaa?

Nilijua jibu. Lilikuwa limeketi mbele yangu. Nilifungua mdomo. Nikasikia viatu vya mtu vikipita koridoni, vikapunguza mwendo. Nikasema anayefaa ni yule ambaye chama, kwa hekima yake, kitaona anafaa.

Akafunika kalamu. Akasema mimi ni wa tisa kumpa jibu hilo tangu Ijumaa, na wanane wa kwanza ni wajumbe wenye kura. Akanishukuru kwa kuja. Kwa upole kabisa. Afadhali angenifokea.

Alhamisi, 13 Juni

Bi Mkuu, mkuu wetu wa masjala, ameniita. Nikabeba kabisa kikombe changu na picha ya Shangazi, nisirudi tena mezani mbele ya Bingwa. Kumbe mjumbe wa wafanyakazi kwenye mkutano mkuu ameteguka mguu na anahitajika wa kuziba nafasi yake. Kila jina lililopendekezwa kambi moja ililikataa. Langu halikukataliwa na yeyote. Bi Mkuu akasema, bila kutabasamu, kwamba ni mimi pekee niliyethibitishwa kwa maandishi kuwaunga mkono wote.

Nina kura! Sijala kitu tangu mchana.

Jumamosi, 15 Juni

Nitaandika haraka.

Ukumbi ulikuwa unaimba jina la Kanali tangu asubuhi. Nikaingia nyuma ya pazia. Kalamu imefungwa kwa kamba. Nikaweka alama ya vema kwa Wakili. Ilikuwa rahisi ajabu. Nikakunja karatasi.

Nikaikunjua. Je, kama wanaitambua vema yangu? Mwandiko wangu unajulikana jengo zima, hasa wiki hii! Nikaweka vema kwa Kanali pia. Ikabaki kuifuta ile ya kwanza. Nikasogeza kalamu mara tatu na mara tatu mkono ukakataa. Msimamizi akauliza kupitia pazia kama mjumbe amelala humo. Nikaitumbukiza kama ilivyo.

Mhandisi 203. Wakili 388. Kanali 417. Kura zilizoharibika: moja.

Ukumbi mzima ulicheka. Mtu wa nyuma akapaza sauti, mjinga gani huyo, na sisi wote hapa tumesoma! Nilicheka kuliko wote. Wakili, safu ya mbele, hakucheka. Aligeuka akautazama ukumbi polepole, safu kwa safu, kama anatafuta faili. Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Tofauti ni kura ishirini na tisa. Yangu isingebadili kitu. Nimepiga hesabu mara nne.

Jumatatu, 17 Juni

Bingwa amekuja na kofia ya Kanali. Beji ameisahau nyumbani, anasema, na kwamba tangu mwanzo alituambia ni Kanali.

Saa tano Kanali mwenyewe akaingia masjala. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Jemadari, akasema, barua yako niliipata. Wengine walisubiri nishinde, wewe ulijitokeza mapema, tena peke yako! Bi Mkuu akakohoa. Hakuna aliyemwambia. Mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja.

Shangazi akauliza yule wa ufunguo amepata nini. Nikamwambia ameshindwa, lakini mimi nimebaki. Akasema hongera, mwanangu, akaendelea kushona. Baadaye akaja mteja kupimwa kiuno. Alipimwa, akaondoka, na Shangazi hakumwambia chochote kuhusu makao makuu.

Lakini sina muda wa kukaa na hilo. Kanali anatafuta mgombea mwenza! Wiki mbili tu! Majina yanayotajwa ni matano, na akiwa na mwenza mpya ofisi inaweza kupangwa tena. Safari hii nimejifunza. Barua tano, siku tano, kurasa tano tofauti za kitabu. Wakili naye anatajwa. Yake nimeiandika kwa wino wa kijani.

Na wewe uliyeokota daftari hili: kama nawe unatajwa, hata kwa mbali, au una binamu anayetajwa, nitafute. Ghorofa ya kwanza, koridoni, dirisha la pili kulia. Usiulize kwa jina. Gonga kioo mara mbili, sema unafuatilia barua iliyochelewa, nami nitakuelekeza ngazi za nyuma, penye ndoo za mfagizi. Njoo saa tano au saa saba. Saa sita usije. Saa sita nina miadi hapo na mwenzako.