Mfuniko Namba 36

Leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya wazee wa Kimarekani, mbele ya mke wangu, na mbele ya sufuria. Heri niwaambie mimi mwenyewe kabla Wanjiru hajawatumia picha. (Ameshatuma? Haya, basi someni mpate na maelezo.)

Mnalijua lile gari langu. Wale msiolijua, ni gari la Kimarekani la mwaka wa sitini na tisa. Milango miwili, boneti ndefu, injini ya silinda nane inayonguruma mpaka vikombe vya jirani vinatetemeka kabatini. Baba yangu alikuwa na picha ya gari kama hilo ukutani kule Nakuru, aliikata kwenye kalenda. Alikuwa akinyoa ndevu huku anaitazama, mara moja moja anajikata. Mimi nililipata lenyewe huko Louisville, kwa mama mmoja mjane aliyekuwa amewaachia paka walale humo. Nalipenda hili gari, jamani, siwafichi.

Kila kitu kilikuwa cha kiwandani, kasoro kimoja tu: mfuniko wa ea klina, kile kichujio cha hewa ya injini. Ni lile duara la kromu linalokaa juu kabisa ya injini. Katikati lina tundu, unalipachika, unalikaza kwa nati yenye masikio. Kitu chepesi, hata mtoto anaweza kukibeba. Kumbe ndicho hakipatikani! Nimeutafuta Columbus nzima, nikarudi Louisville mara mbili, nikaota nimeupata nikaamka nimekumbatia mto.

Sasa, gari limekalia gereji yetu hapa Gahanna, pembeni ya Columbus, miaka miwili. Gari la Wanjiru linalala nje. Wanjiru ni muuguzi, anaingia kazini alfajiri, na wakati wa theluji nilikuwa namsikia huko nje anakwangua barafu kwenye kioo, kwaru, kwaru, kwaru, mimi niko ndani ya blanketi najifanya nakoroma. Mwezi uliopita akasema sasa imetosha. Mimi nikamwambia kwa kiburi, "Kuna maonyesho ya magari ya zamani Jumamosi. Gari langu lisipoleta utepe wa ushindi hapa nyumbani, naliuza." (Ulimi hauna mfupa.) Akaniambia nirudie maneno hayo akinirekodi. Nikarudia!

Jumamosi yenyewe ni leo.

Jumapili iliyopita Bahati akanipigia simu. Bahati ni rafiki yangu Mkongo, anakaa Buffalo, kazi yake iko kiwandani Tonawanda, na raha yake ni kuzunguka yadi za vyuma chakavu. "Baba Imani! Nimeiona! Mufuniko ya kweli, ya mwaka yenyewe!" Nilipiga kelele mpaka Wanjiru akatoka jikoni na mwiko. Bahati akasema kesho anaupeleka posta.

"Posta?" nikamwambia. "Kitu cha thamani namna hiyo? Wakiupinda je? Tuma na mtu!"

Si mnatujua. Kutuma kitu hatujui, tunajua kutuma na mtu. Na mtu alikuwepo: Mama Furaha, mpishi mkuu wa kanisa lao, alikuwa anakuja Columbus na vani ya kwaya kwa harusi ya mpwa wake. Harusi ni leo pia. Mama Furaha anasafiri na masufuria yake mwenyewe kwa sababu, anasema, sombe (majani ya muhogo) ya watu mia mbili haipikwi kwa sufuria ya kuazima. Bahati akampa mfuniko wangu, Mama akautia ndani ya sufuria kubwa usipindike, wakaja zao.

Leo alfajiri nikaenda kuuchukua pale alipofikia. Mama Furaha alikuwa anaoga. Mpwa wake, bibi harusi mwenyewe, yuko na rola kichwani, akanionyesha kwa kidole: "Iko mule mu sufuria." Nikafungua. Nikakuta vifurushi viwili vya duara. Kimoja kimefungwa kwa kitenge kipya, kizuri, cha maua ya dhahabu. Kingine kimefungwa kwa kipande cha shuka kuukuu.

Mimi nikafikiri. (Hapo ndipo niliposhindwa.) Kitu adimu, kilichotoka mbali, utakifunga kwa shuka kuukuu? Nikapapasa kile cha kitenge: duara, ndiyo. Tundu katikati, ndiyo. Nikabeba, nikasema asante kwa mlango wa bafu, nikaondoka.

Nilipoufungua kule gereji, mfuniko ulikuwa umefubaa kidogo. Nikausugua kwa dawa ya kung'arisha mpaka nikauona uso wangu. Nikaupachika juu ya injini. Ulizidi kidogo pembeni, ukakaa kama kofia ya kuazima, lakini nati ikaingia kwenye tundu sawasawa. Karibu na tundu kulikuwa na namba imegongwa, 36, na chini yake picha ya ndege imefutikafutika. Nikasema loo, hata nembo ya kiwanda imo!

Saa tatu niko uwanjani, kwenye pakingi kubwa, magari yamepangwa, boneti zote juu. Jaji ni mzee mmoja anaitwa Walter, ndevu nyeupe mpaka kifuani, daftari mkononi. Akapita kwa wengine haraka haraka. Kwangu akasimama. Akavaa miwani. Akavua. Akavaa tena.

"Miaka arobaini naangalia haya magari," akasema. "Mfuniko wa namna hii sijawahi kuuona."

Mtu mwenye akili angesema, hata mimi sijawahi. Mimi nikaweka mikono nyuma kama mhadhiri.

"Wachache wameuona," nikasema.

"Hii 36 ni nini?"

"Toleo. Walitengeneza thelathini na sita tu." (Sijui ilitoka wapi. Ilitoka tu!)

"Na huyu ndege?"

"Tai."

"Mbona ni mnene hivi?"

"Tai wa zamani walikuwa wanachorwa hivyo."

Walter akaandika TAI kwenye daftari. Nilimwona kwa macho yangu. Wazee wengine wakasogea, wakapiga picha, mmoja akaniuliza kwa unyenyekevu kama naweza kumwacha auguse. Nikamwambia aguse, lakini kwa upande wa nyuma wa kidole. Na simu yangu muda huo wote inatetemeka mfukoni. Namba siijui. Mara ya tano nikaizima kabisa, maana mtu mwenye mfuniko kama huo hasumbuliwi. Nilikuwa nimeshaanza kuona utepe wa bluu wa mshindi juu ya kioo cha gereji.

Hapo nikaona gari la Wanjiru linaingia pakingi kwa kasi.

Kwanza nilifurahi. Nikasema mke wangu amekuja kushuhudia. Mlango wa pili ukafunguka, akashuka Mama Furaha. Kitenge cha harusi, kilemba kirefu, aproni juu yake, na mfuko wa plastiki mkononi unadondosha kitu. Akavuka kamba ya maonyesho pasipo kuinama, kamba ndiyo iliyolegea.

"Weye Baba Imani! Njo weye! Mufuniko yangu iko wapi?"

"Mama, shikamoo..."

"Shikamoo ya nini? Nakupigia simu tangu asubui, mupaka nafika kwako, bibi yako ananileta! Bageni beko na njala, bibi harusi anaingia kanisani, na mie niko na sufuria yenye haina mufuniko!"

Akatazama ndani ya boneti. Akasogeza kilemba, akatazama tena.

"Mungu yangu," akasema polepole. "Donc unafunga mufuniko ya sombe mu motere?"

Akainama, akafungua ile nati kwa vidole viwili, akautoa mfuniko wake, akaunusa. "Inanuka petroli." Akaugeuza. "Na umesugua mpaka umemaliza kuku yangu!"

Walter akamgeukia Wanjiru. "Samahani, mama huyu anasema nini?"

Na Wanjiru, mke niliyemuoa kanisani, mwenye kuapa kunisitiri katika shida na raha, akatafsiri neno kwa neno. "Anasema huo ni mfuniko wa sufuria yake. Kile kidude cha kushikia kilidondoka zamani, ndiyo maana una tundu."

"Na thelathini na sita?"

"Saizi ya sufuria."

Walter akatazama daftari lake. Akatazama mfuniko. Akauliza kwa sauti ndogo, sauti ya mtu ambaye bado ana tumaini, "Na tai?"

"Ni kuku," akasema Wanjiru.

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Pakingi za Ohio ni lami nzito.

Mama Furaha alikuwa hajamaliza. Akafungua ule mfuko, akatoa duara lingine, la kromu hasa, zuri, mfuniko wangu wa ndoto. Ulikuwa umelowa mawese mpaka ukingoni, na majani ya sombe yamejaa kwenye tundu. "Na iyi yako ni kadogo. Nafunika sufuria, inazama. Natoa, nafunika, inazama tena! Bon, kamata. Mara ingine ufungue macho."

"Lakini Mama," nikasema (bado najitetea, mnaona ujinga), "ule wako ndio uliokuwa kwenye kitenge kizuri!"

"Sasa nifunge chuma ya takataka mu kitenge ya harusi? Ule mufuniko nilipewa na mama mukwe!"

Wanjiru hapo alikuwa ameegemea gari la watu, anacheka hana sauti, machozi tu. Walter akaupokea ule mfuniko wangu kwa mikono miwili, akaugeuza, akaukagua. "Huu ndio wenyewe," akasema. "Ule halisi kabisa. Na hii kijani ni nini?" Akaambiwa ni chakula. Akachovya kidole, akaonja. Akachovya tena. Akauliza harusi iko wapi.

Mimi tumaini likarudi. Nikaufuta mfuniko kwa shati langu jeupe, nikaupachika, ukakaa sawasawa. Lakini Walter alikuwa ameshafunga daftari. Akaniambia kwa upole kwamba gari ni zuri, mfuniko ni wa kweli, tatizo ni mwenye gari, maana hajui tena amwamini kwa lipi. Kisha akasema kuna utepe mmoja, wa kitu kilichowafurahisha watu kuliko vyote siku hiyo, na wazee wamekubaliana bila kupiga kura.

Nikanyoosha shati. Akautoa utepe. Bluu, jamani, bluu ile ile! Akapita mbele yangu, akapita gari langu, akaufunga kwenye tundu la mfuniko wa Mama Furaha.

Pakingi nzima ikapiga makofi. Mama akapiga kigelegele, akapanda gari la Wanjiru na mfuniko wake kifuani, wakakimbilia sombe. Walter akawafuata na gari lake nyuma.

Nimetoka harusini sasa hivi. Nimekula nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilimwambia Wanjiru, kwa sauti ya chini, kwamba ukiangalia vizuri utepe umepatikana, na umetokana na gari letu. Akatoa simu, akanisikilizisha sauti yangu mwenyewe: "...lisipoleta utepe wa ushindi hapa nyumbani, naliuza."

Utepe unaondoka kesho na vani ya kwaya, unaenda Buffalo.

Kwa hiyo ndugu zangu, gari linauzwa. Mwaka wa sitini na tisa, kila kitu cha kiwandani. Nimekaa ndani yake gereji, nimeshika usukani, sitaki kutoka, na Wanjiru yuko nje anapima kwa hatua kama lake litaingia. Mteja wa kweli anitafute, acheke akiwa kwao kabla ya kuja. Na injini ikipata moto asiulize harufu ya mawese inatoka wapi.