Yah: Kompyuta Mpakato Inayokataa Kuharibika

Ndugu Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

Nakusalimu kwa heshima, na nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa. Mimi ni mwanamke wa miaka themanini na moja, mpiga chapa mstaafu, mwenye moyo ambao daktari ameusikiliza, akakunja uso, kisha akaniuliza kwa upole kama nina jambo lolote la kumalizia. Ninalo. Ndiyo maana nilinunua kompyuta yenu, ile nyembamba ya kijivu, niandike ungamo langu kabla sijafa. Kwa jinsi watu wanavyozisema vibaya kompyuta, nilitegemea mtanikwamisha. Hamkunikwamisha. Madai yangu ni haya:

1. Uzito. Muuzaji aliishika kwa vidole viwili, kama mtu ashikavyo mkia wa panya, akasema, "Bibi, hii hata huisikii mkononi." Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ninayeishi naye nyumba moja, akaipokea, akaipindua, akauliza, "Hii ni kompyuta au ni sinia?" Nyumbani niliipima kwenye mizani ya jikoni: kilo moja haikutimia. Paka wetu anaizidi, na paka mwenyewe ni mgonjwa. Siku ya pili ilipotea. Tulipekua nyumba nzima, ikapatikana katikati ya magazeti ya zamani ambayo wifi alikwisha kuyafunga kamba ayatoe.

Utajiuliza wepesi una kosa gani. Itabidi nikurudishe nyuma miaka hamsini na mitatu.

Mimi na wifi, kabla hatujawa mawifi, tulikuwa wapiga chapa katika ofisi moja, meza zetu zimepakana. Kila Ijumaa alasiri taipureta zote zilihamishiwa kwenye meza ndefu ya dirishani ili fundi azitie mafuta. Amri ilikuwa moja: mashine moja, watu wawili, mmoja kushoto, mmoja kulia. Ijumaa hiyo nilikuwa na haraka, na nilikuwa na nguvu za kujivunia. Nikaibeba peke yangu mashine ya wifi, ile pana ya kupigia majedwali, kilo kumi na nane za chuma. Ikaniponyoka. Ilitua kwanza kwenye kidole gumba cha mguu wangu, halafu sakafuni, ikagonga kengele yake mara moja, ikanyamaza moja kwa moja. Nikakimbilia msalani. Niliporudi, wifi alikuwa ameinamia vyuma, na msimamizi amemsimamia kichwani. "Mashine ya nani?" "Yangu." Kesi ikaishia hapo. Wifi akahamishiwa masjala, chini kabisa ya jengo, kulinda mafaili. Mimi sikufungua mdomo. Baadaye nikaolewa na kaka yake.

Tangu siku hiyo najitetea kwa hoja moja tu: mzigo ulikuwa mzito, yeyote angeuangusha. Na nimekuwa nikilipa kimyakimya: paja la kuku ni la wifi, chumba chenye dirisha ni cha wifi, maji ya moto ya kwanza ni ya wifi. Sasa mnaniuzia mashine ya kazi ileile, ambayo ajuza kama mimi anaibeba kwapani huku mkono mwingine una kikombe cha chai. Hoja yangu ya miaka yote hiyo mmeiacha na nguo gani?

2. Kimya. Taipureta ilikuwa ikifanya kazi, mtaa mzima unajua. Hii yenu hainong'oni. Mke wa mwanangu, alipotutembelea, alichungulia chumbani mwangu mara nne kuhakikisha kwamba napumua. Mara ya tano alileta kioo cha kujitazamia, akaniwekea puani.

3. Betri. Mpango wangu ulikuwa wa kiungwana: nianze ungamo, nifike mstari wa tatu, umeme ukatike, nami niseme, "Nilijaribu, Mungu ni shahidi." Umeme ulikatika saa nne asubuhi, kwa uaminifu wake wa siku zote. Kompyuta yenu iliendelea kuwaka hadi jioni. Mimi ndiye niliyezimika, nikalala kwenye kiti.

4. Ubora. Nilikusudia kuipa ajali ya heshima. Niliisukuma kutoka kitandani, ikadunda. Niliisukuma kutoka kwenye kochi, ikageuka hewani ikaanguka kifudifudi, na nilipoifungua ilinionyesha ukurasa uleule, kwenye neno lilelile. Nikaimwagia chai ya maziwa. Nikaipangusa; ikawaka. Naandika barua hii kwa kutumia vitufe ambavyo bado vinanukia tangawizi. Je, hii ndiyo bidhaa ya kumuuzia mtu anayetafuta kisingizio?

5. Huduma ya simu. Hapa ndipo mliponimaliza. Ofisi yoyote inayojiheshimu humwacha mteja akisikiliza muziki hadi asahau shida yake. Nilivuta stuli, nikajiandaa kungoja. Simu ililia mara mbili tu, binti akapokea.

"Shikamoo bibi. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Kompyuta yenu haiandiki."

"Pole sana. Inakuonyesha nini?"

"Ukurasa mweupe."

"Umebonyeza herufi yoyote?"

"Bado."

Angekuwa mtu mwingine angecheka. Yeye alisema, "Basi bonyeza moja, bibi. Nipo." Na kweli alikuwepo! Nilimsikia akipumua. Nikaona aibu, nikabonyeza W. "Sasa inayofuata," akasema. Kwa njia hiyo ya hila alinitoa maneno matatu: Wifi yangu mpendwa. Nilikata simu nikidhani nimeokoka. Kesho yake alipiga yeye. "Bibi, barua imefika wapi?" Ndugu Mkuu, polisi waliofungua faili la mti wangu wa mkaratusi uliokatwa ukaibwa hawajanipigia hata siku moja, na binti yako anafuatilia dhambi zangu kwa simu.

6. Kutunza maandishi. Nilipomaliza kuungama nilitishika, nikafuta yote. Enzi zetu ulichomoa karatasi, ukaichana, na jambo likafa. Hii yenu ilikuwa imekwisha kujiwekea nakala bila kuulizwa. Binti akanielekeza ilipo, kwa furaha kabisa, kana kwamba ameniokotea hereni. Nimelifuta ungamo mara tano, nanyi mmelirudisha mara tano. Hata kuzimu hakuna masjala ya namna hii.

7. Dhamana. Karatasi yenu inasema miaka mitatu. Daktari wangu hasemi miaka; anasema "tumshukuru Mungu kwa kila siku." Kumuuzia mtu dhamana iliyomzidi umri ni kumringia. Tena inanizuia kufa kwa utulivu: nani anayeweza kufumba macho huku akiacha kitu kizima ambacho bado kina waranti?

Kwa hayo yote, naomba mambo matatu. La kwanza, mnipe cheti chenye muhuri kinachosema kwamba kompyuta hii ni mbovu tangu kiwandani na kwamba hakuna ungamo lolote ambalo lingeweza kuandikwa kwayo. La pili, mnibadilishie na nyingine isiyopungua kilo kumi na nane, yenye kengele. La tatu, yule binti mmpandishe cheo, mmpe ofisi yake mwenyewe, mbali sana na simu.

Msipotimiza, nitalazimika kumwambia wifi ukweli kwa mdomo wangu, na moyo wangu ukigoma katikati ya sentensi, mtajibu ninyi.

Nafunga kwa kuwasalimu wote waliomo humo: muuzaji mwenye vidole viwili, mlinzi wa mlangoni aliyenishika mkono kwenye ngazi, fundi wenu ambaye naamini hana kazi, na mama yake yule binti, popote alipo, kwa malezi aliyompa.

Wenu katika kunyanyaswa kwa huduma nzuri,

Mpiga chapa daraja la kwanza (mstaafu)

Tanbihi: Sehemu hii naiandika kwa kalamu, na sababu ni hii. Barua hii ilipokwisha nilibonyeza pa kuchapa, nikaweka mikono magotini kungoja karatasi ichomoze mbele yangu, kama ilivyonizoesha kazi miaka thelathini. Haikuchomoza. Nikabonyeza tena, na tena. Nilikuwa nimesahau kwamba printa tuliyonunua pamoja na kompyuta haina waya, na kwamba imewekwa chumbani kwa wifi, penye dirisha. Wifi alipata nakala tatu.

Akaja nazo. Akaketi, akaipakata kompyuta yenu aone kama kuna zaidi, akaniambia: "Wiki mbili ulichechemea, ukasema kiatu kinabana. Kiatu gani hicho kinachobana mguu mmoja?"

Nikamuuliza, "Ulijua?"

"Jioni ileile."

"Na ukanyamaza?"

"Miaka mitatu ya kwanza nilikuchukia vizuri tu, sikuwa na nafasi ya kusema. Halafu huko masjala kulikuwa na karani mmoja mrefu. Ungeungama mapema, mume ningempata wapi? Halafu ukaanza kunipa paja la kuku. Nikasema, huyu nikimwambia najua, nitarudi kula shingo." Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Ila pole yako, wifi, nilikuwa naingoja."

Nikampa, kwa mdomo, yote, na moyo haukugoma. Akainuka na kompyuta mikononi, akafungua mikono anikumbatie. Kompyuta ilitua kwenye kidole chake gumba cha mguu, ambacho anasema hakikuuma hata kidogo kwa jinsi ilivyo nyepesi, kisha ikagonga pembe ya stuli, kioo kikapasuka chote.

Kwa hiyo madai yangu, kuanzia la kwanza hadi la saba, nayafuta, na safari hii msiyarudishe. Leteni fundi. Leteni na kompyuta ya pili kama hii, wifi anataka yake. Binti mwacheni palepale kwenye simu. Tumempigia, naye amelia kabla yetu.

Fomu yenu ya dhamana inauliza jina la aliyeangusha kifaa. Wifi anasema, "Andika mimi, nimeshazoea." Msimsikilize. Aliyeangusha ni mimi. Mara zote mbili.