Kadi Arobaini na Moja Zilizokuwa Chini ya Kitanda Changu

Kwa Ndugu Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi,
Ofisini kwako.

Natumai barua hii inakukuta mzima, ingawa najua siku hizi mlangoni kwako wamejaa walalamikaji. Usinichanganye nao. Wale wana mabango, mimi nina daftari.

Mimi nakodisha vifaa vya ujenzi: ngazi, matoroli, drili, na mashine moja ya kuchanganya zege. Kwa miaka kumi na mmoja dhamana yangu ni moja tu, kadi ya mpiga kura. Mtu anaacha kadi, anabeba ngazi. Akirudisha ngazi, anapewa kadi yake. Kadi zote nazitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu, nimezipanga kwa vifaa: wa ngazi na wa ngazi, wa matoroli na wa matoroli. Wakati wa uchaguzi zilikuwamo arobaini na moja. Ya arobaini na moja ni yangu mwenyewe, kwa kuwa nilijiazima drili nifunge kitasa cha chumbani, na sheria ya duka haina upendeleo.

Wiki moja baada ya uchaguzi mlibandika kwenye ukuta wa shule orodha ya waliopiga kura, ili muwanyamazishe wanaodai kuwa matokeo ya udiwani yamechakachuliwa. Nikaenda kusoma na daftari langu mkononi. Loo! Watu wangu wote wa sandukuni wamepiga kura, tena kabla ya saa nne asubuhi. Ndipo nikaona nikuandikie. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeniharibia biashara. Mteja huacha kadi kwangu kwa sababu anaamini bila kadi hapigi kura. Juzi nilimfuata fundi rangi mmoja anirudishie ngazi yangu ndefu. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba mimi nibaki na kadi na yeye abaki na ngazi, maana jina lake limepiga kura hata kabla hajaamka. Nilirudi dukani mikono mitupu.

2. Mmeziharibu kadi zenyewe. Kila anayepiga kura, karani humtobolea kadi pembeni kwa kile chuma chenu. Nilipofungua sanduku nikakuta kadi zote zina tundu. Zote! Kwanza nikawashuku mende. Nikanunua dawa, nikapuliza chumba kizima, nikakohoa siku mbili. Lakini mende gani huyo anayetoboa duara safi, kona ile ile, mara arobaini na moja? Kama Tume ina mtambo wa kutoboa kadi zikiwa ndani ya bati, chini ya kitanda cha mtu, hongereni, ila ustaarabu ni kubisha hodi.

3. Hili ndilo linaloniuma. Aliyeshindwa udiwani ni shemeji yangu, dada wa mke wangu, muuguzi wa zahanati, ambaye watoto wetu wote watatu aliwapokea kwa mikono yake. Ameshindwa kwa kura thelathini na nane. Amefungua kesi na anahangaika kutafuta ushahidi. Mimi siku ile sikupiga kura, kwa sababu zangu binafsi, na nyumbani nilisema kwamba foleni ilinishinda. Mke wangu alinuna siku moja, yakaisha. Kisha akasoma ukutani kwamba nilipiga kura saa mbili na dakika kumi asubuhi! Hoja yake ni kwamba mtu hafichi kura aliyompa shemeji yake, anaificha aliyompa mwingine. Nikamwonyesha kidole, hakina hata doa la wino. Akasema mtu mwenye debe zima la mafuta ya kuoshea rangi asimletee habari za vidole. Akafunga nguo zake, akahamia kwa dada yake. Leo ni siku ya kumi na saba. Ndugu Mwenyekiti, namkumbuka mno. Chai nainywa nimesimama jikoni, kikombe kimoja, na nyumba imepoa.

4. Kwa kuwa sasa kadi zinajipigia kura zenyewe, sioni haja ya kuwasimamisha watu juani. Naomba sanduku langu lisajiliwe kuwa kituo cha kupigia kura, nami niwe msimamizi wake. Kitanda kipo, taa ipo, na kwa sasa upande wa pili hakuna wa kusumbuliwa. Waliojitokeza watakuwa asilimia mia, kama safari hii. Mkiniongezea matoroli, uchaguzi ujao nawaletea wapiga kura mia tatu wasiosukumana wala kuuliza choo kiko wapi.

5. Kabla ya hayo yote, naomba barua yenye mhuri iende kwa mke wangu. Iseme kwamba mumewe hakupiga kura, na kwamba sanduku lake halijawahi kuguswa na mkono wa mtu mwingine. Niko tayari kuliapia hilo mbele ya hakimu yeyote, hata huyo wa kesi ya shemeji.

Nisalimie makarani wako wote, na fundi wa ule mtambo wa matundu.

Ni mimi, ninayesubiri mhuri wako na ngazi yangu,
Mkodishaji Vifaa, duka la mlango wa kijani.

Tanbihi: Nikiwa nafunga bahasha nimekumbuka jambo dogo, nisije nikaonekana muongo. Siku moja kabla ya uchaguzi, wakala wa yule mshindi alikuja kuliazima sanduku. Alisema anataka kuhakiki majina. Kazi yangu ni kuazimisha, na hakuna aliyewahi kuniomba sanduku, nikaona fahari. Kadi yangu ilikuwamo, ndiyo maana sikwenda kupiga kura. Alilirudisha kesho yake jioni, halijapungua kadi hata moja, ila zimepangwa kwa herufi, kazi safi. Naye aliacha dhamana kama kila mtu: kadi yake mwenyewe, na sahihi yake daftarini, sanduku moja, siku moja. Hajaifuata mpaka leo. Ndiyo kadi pekee niliyonayo isiyo na tundu.

Kila jioni nafungua daftari kwenye ukurasa ule, nausoma, nalifunga. Tafadhali, hili lisitajwe katika ile barua ya mke wangu.