Malalamiko Juu ya Mgongo Wangu Unaochelewa Kuamka

Albertville, ambayo sisi wenyeji tunaiita Kalemie
Jumatano, 16 Oktoba 1963

Kwa Papa Daktari Cyrille,
chumba chenye mlango wa kijani

Papa Daktari mheshimiwa,

Pokea salamu za kijana ambaye bado yuko wima, ingawa hilo njo kosa lako, kama nitakavyoeleza.

Mimi ni Anatole, mwana wa Papa Alphonse wa reli. Labda umenisahau kwa wingi wa wagonjwa, lakini sidhani, maana mimi sisahauliki. Ni yule wa miaka ishirini na miwili, mbebaji wa magunia bandarini, mchezaji rumba wa kwanza mtaani kwetu (wa pili yuko mbali sana), aliyesoma mpaka mwaka wa tano akaacha kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa ya kunifundisha. Ulipiga picha ya mifupa yangu, ukaiinua dirishani, ukasema: "Anatole, viungo vya uti wa mgongo wako vinavimba na kuwaka kwa ndani. Si kwa ajili ya magunia. Wala hakuna aliyekuroga." Mama yangu alisikitika kwa hilo la mwisho, kwani alikuwa amekwisha kupata mtu wa kumshuku.

Sina ugomvi na ugonjwa. Ugomvi wangu ni na matibabu. Nakuandikia nikiwa nimelala kifudifudi juu ya ubao, kama ulivyoamuru, basi mwandiko ukipinda usiulaumu mkono.

1. Ugonjwa ulionitajia hauna adabu ya magonjwa. Mgonjwa wa kweli akipumzika anapata nafuu. Mimi nikipumzika nazidi kukauka. Alfajiri natoka kitandani kama kabati linalohamishwa. Saa nne nimelainika. Jioni nacheza mpaka viatu vinaomba radhi. Ulisema hiyo njo alama yake: kutulia kunakaza mgongo, kutembea kunaulegeza. Sawa, lakini mbona hukuja kumwambia kapita, msimamizi wetu wa bandari? Kila asubuhi akiita majina ananiuliza mbele ya watu wote: "We Anatole, mugongo yako inavaa saa?" Na wenzangu wanaitikia: "Ugonjwa gani huu, unaogopa magunia na kupenda gitaa!"

2. Kitanda. Ulitaka kiwe kigumu, kisibonyee, na mto uwe mwembamba au usiwepo kabisa, ili mgongo usizoee kujikunja. Nyumbani hapakuwa na ubao wa urefu wangu (mimi ni mrefu, tena wa kupendeza) isipokuwa mlango wa jikoni. Tukaung'oa. Tangu siku hiyo mbuzi wa Mama anaingia jikoni kama mpangaji. Jumapili alikula unga wa muhogo wa siku tatu, kisha akaenda kujinyoosha juu ya godoro langu la pamba lililowekwa pembeni. Papa Daktari, katika nyumba yetu mbuzi analala pazuri kunipita mimi.

3. Sigara. Ulisema hata kifua changu kinaweza kukazana, na moshi utakimalizia. Nimeacha. Sina la kuongeza hapa, nina hasira tu.

4. Mazoezi. Karatasi yako inasema: simama na ukuta, visigino, makalio, mabega na kisogo, vyote viguse, kisha vuta pumzi mpaka mbavu zifunguke. Ukuta pekee ulionyooka mtaani ni wa Mama Marceline, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Asubuhi na jioni niko pale. Sasa watoto kumi na wawili wanajipanga kando yangu, nikivuta pumzi wanavuta, nikishusha wanashusha, na wateja wa ndagala wanapita mbali wakidhani ni jeshi jipya. Mama Marceline ameniuliza nitahamia lini kwenye ukuta wa kanisa. Tena uliamuru kuogelea. Naogelea ziwani kila jioni, na wamama wanaofua nguo huacha kufua ili wanitazame. Hilo silalamikii.

Na usifikiri sikusikiliza mengine. Vidonge vya uvimbe nameza nikiwa nimekula ugali, si tumbo tupu. Jicho likiwa jekundu na mwanga ukiliumiza, nitakuja kwako siku ileile.

5. Hili njo lenyewe. Nataka kumuoa Bertille, binti wa Papa Grégoire, mashinisti mustaafu ambaye hata treni alizoziendesha zilikuwa zinamuogopa. Katika ukoo wao neno la kuoa hupelekwa alfajiri, kabla mji haujaanza kelele. Kijana anapiga magoti, anainama mpaka macho yaone udongo, anapiga makofi polepole, na hainuki mpaka mwenye nyumba ajibu.

Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili asubuhi, tuliingia mimi na Papa yangu. Magoti yalikubali. Mgongo ulikataa. Nikapiga makofi kichwa kikiwa juu, kama mtu anayeshangilia dari. Papa Grégoire akatazama juu naye, akasema: "Huyu mutoto anahesabu misumari ya paa yangu?" Kisha akamtazama Papa, aliyekuwa ameinama vizuri sana, akasema: "Baba iko na heshima. Mutoto, hapana." Ametupa nafasi moja tena, Jumamosi hii, alfajiri ileile. Nisipoinama, neno limekwisha. Na iko mwalimu mmoja wa Moba, mwenye pua ndefu, anayemtaka Bertille pia, ambaye nasikia anainama kama majani ya mgomba.

Hapa, Papa Daktari, fikiri habari za Papa Alphonse. Amejikunja tangu kabla sijazaliwa. Mtaa wote wa reli unamhesabu kuwa mtu mwenye adabu kuliko wote. Wazungu wa reli walimpandisha akawa mulinzi wa stoo kwa sababu kila alipoingia biro, ofisini mwao, aliingia ameinama. Wamama wanawaambia watoto: "Muangalie Papa Alphonse, anasalimia hata kuku." Mimi, kwa ajili ya ukuta wako na ubao wako, naambiwa nina kiburi.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu:

Kwanza, uandike karatasi yenye muhuri kwamba mgongo wangu ni mgonjwa asubuhi na una heshima mchana. Lakini najua mwandiko wako. Papa Grégoire atadhani kuku alikanyaga wino.

Basi, pili, uwaombe wakubwa waamuru asubuhi ya Albertville ianze saa nne. Tangu uhuru wametubadilishia bendera na jimbo mpaka tumechoka kuzitaja. Asubuhi itawashinda kwa nini?

Hilo likishindikana, ombi la mwisho: acha kunitibu. Wewe mwenyewe ulisema mgongo usiotunzwa mifupa yake huweza kuungana ikawa kitu kimoja, na mtu akabaki amejikunja. Nakubali! Nipe ruhusa ya mto, godoro na sigara, nijikunje kama Papa, na kama iko dawa ya kuharakisha, iwe tayari Ijumaa. Mtu wima ana afya tu. Mtu aliyejikunja ana mke, ana cheo, na kuku wanamjua.

Nisalimie manesi wote, hasa yule mnene aliyeniambia nisitabasamu kwenye picha ya mifupa. Msalimie mlinzi wa geti na mke wake. Isalimie pia mashine ya picha, iambie haikunikamata upande wangu mzuri.

Ni mimi, mgonjwa wako anayetii mpaka anaumia,

Anatole

Nyongeza, Alhamisi jioni.

Papa Daktari, usifanye hata neno moja katika hayo ya juu. Nilimsomea Papa barua hii ili acheke. Hakucheka. Aliniomba karatasi ya mazoezi, akaishika karibu na magoti, ambako macho yake yanafika, akaisoma yote. Kisha akasema: "Mwanangu, mimi sikuwa na heshima. Nilikauka mgongo tu."

Kumbe kwa umri wangu alikuwa na asubuhi kama zangu. Walimwambia apumzike. Akapumzika, miaka mingi, juu ya godoro laini, na hakuna aliyempiga picha.

Leo mchana amekwenda peke yake kwa Papa Grégoire, akamwambia hivyohivyo, mbele ya mke wa Papa Grégoire na majirani wawili. Sifa za maisha yake yote amezimwaga pale mlangoni, kwa ajili yangu. Papa Grégoire akasema: "Basi mulete mutoto Jumamosi saa kumi ya jioni. Aje akiwa amelainika."

Kwa hiyo ubao naubakiza, mto sitaki, na Mama amemfunga mbuzi. Lakini naomba karatasi ya pili, kwa Papa. Najua ulisema mifupa iliyokwisha kuungana haifunguki, na yeye anajua. Anataka yale ya kuvuta pumzi tu. Iandike kwa herufi kubwa. Tutaibandika ukutani chini, karibu na sakafu.

Neno moja tena. Papa ameniuliza Bertille ana uso wa namna gani, kwa maana mpaka leo anamjua kwa viatu. Swali hilo nimempelekea Bertille mwenyewe. Naye amesema Jumamosi akija kumsalimu Papa atapiga magoti chini kabisa, na hatainuka mpaka Papa aseme amemwona vya kutosha.