Jogoo wa Nyumba Kumi

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Amefika! Shemeji yangu Eliakimu, wa reli, kamleta jogoo wangu kwa treni kutoka Tabora, yeye na mtetea wake. Kuchi halisi, mbegu ya mababu! Miguu mirefu, shingo juu, anakanyaga chini kama mtawala wa zamani. Nimemwita Bwana Shauri. Nimembeba kifuani hadi Mtaa wa Sikukuu, na makusudi nikapita katikati ya soko. Watu wakaacha kununua. Mmoja akauliza kama ni mbuni. Nikapita, shingo juu kama yeye. Leo Kariakoo imemjua Vitalis muuza sufuria.

Jumanne, 5 Agosti
Bi Kuruthumu, mwenye nyumba, hataki banda uani. Eti uani ni pa kupikia. Bushiri, fundi cherehani wa chumba cha pili, kasema kuku gani huyo, mifupa mitupu. Husuda tu! Vikuku vyake havifiki magotini pa wangu. Bwana Shauri kalala kitandani, mimi chini. Anastahili.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata akili! Balozi wetu wa nyumba kumi, Ndugu Sadalla, kila mkutano analalamika kwamba hatuna mradi wa ujamaa. Nikamwendea, shikamoo, marahaba. Nikamwambia namtoa jogoo awe mradi wetu, ila hana banda. Mzee akainuka kitini. Akasema mimi ni mfano kwa wananchi, lakini jina libadilishwe, mabwana waliisha mwaka sitini na moja. Sasa anaitwa Ndugu Shauri. Habari za mtetea sikumwambia. Mjinga nani? Huyo yuko uvunguni mwangu.

Jumapili, 10 Agosti
Banda limesimama uani! Bi Kuruthumu kakunja uso, lakini bati katoa mwenyewe. Nani atapinga ujamaa? Vipimo nilitoa mimi. Tukamwingiza, kichwa kikagonga bati. Tukainua paa, kikagonga tena. Bushiri akauliza kama tunajenga ghorofa. Acha aulize. Kuku wangu hatoshi katika vipimo vya kuku wa watu!

Jumatano, 20 Agosti
Mtaa mzima unaleta mitetea kwa Ndugu Shauri. Wazee wenzangu wananisalimu kabla sijawasalimu. Na uvunguni mtetea anaatamia mayai saba. Saba! Yote yangu peke yangu. Atakayetaka kuchi Kariakoo atakuja kubisha hodi kwangu, kwa adabu.

Alhamisi, 28 Agosti
Mkutano wa nyumba kumi. Jumamosi mgeni wa chama anakuja kukagua mradi. Bushiri akasimama, akasema mgeni mkubwa hapewi maharage, achinjwe jogoo wa mradi. Moyo ukanipasuka paa! Nikasema jogoo ni wangu. Balozi akafungua daftari, akasoma maneno yangu mwenyewe: namtoa kwa moyo mkunjufu. Watu wakapiga makofi. Makofi marefu, yote yangu. Bi Kuruthumu akapiga vigelegele. Balozi akasema wanaoafiki wanyooshe mikono. Sijui ilikuwaje. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza.

Jumamosi, 30 Agosti
Kachinja Bushiri, maana nikichinja mimi Mkristo nusu ya watu hawatakula. Nilimshikia miguu. Nililia, sioni haya kuandika. Sufuria ilitoka kwangu, kubwa kuliko zote, na bado mapaja yalichungulia nje! Nyumba kumi zikala. Firigisi akapewa mgeni, na mgeni akanipa mimi mbele ya kadamnasi. Nikaitafuna polepole ili wote waone.

Mgeni akasema nyama kama ile hajapata kuila, akasikitika kwamba mbegu imeisha. Bushiri akadakia, ndiyo, imeisha, maskini Vitalis, sasa yuko kama sisi. Watu wote wakanitazama kwa huruma. Huruma! Mimi? Nikasimama. Nikawatangazia kwamba mbegu ipo, uvunguni mwangu, mtetea na mayai saba, wiki ijayo yanaanguliwa. Makofi yakatikisa bati! Mgeni akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Bushiri kanywea kabisa. Balozi akafungua daftari na kuniomba nirudie idadi, asije akakosea kuandika. Nikarudia kwa sauti, wa nyuma nao wasikie.